Kitabu Kilichojirudisha

Fundi Saa hakuwa mtu wa vitabu, tukubaliane hilo mapema tusije tukasumbuana mbele. Ukimkuta miaka ile ameshika kitabu, ujue anakitumia kukandamizia kioo cha saa alichokipaka gundi. Mtu wa vitabu alikuwa mkewe. Huyo mke alifanya kazi mahakamani miaka thelathini, akichapa kwa taipureta yale waliyosema mashahidi, neno kwa neno, na watu wote walimwita Karani, hata mumewe, hata siku walizonuniana. Na alikuwa na ulimi, jamani! Akiingia sokoni, wauza nyanya walikuwa wanapanga bei upya kabla hajafika kwenye meza zao. Sasa tangu kiharusi kilipomwangusha jikoni, mwezi wa tano ulikuwa unakaribia kwisha, na Karani hakuwa ametamka hata neno moja.

Si kwamba hakuelewa. Alielewa kila kitu. Ukisema mvua inakuja, anatazama dirishani. Ukisema fulani anakuja kumjulia hali, anafumba macho ajifanye amelala, maana huyo fulani hakumpenda tangu zamani. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, wa kushoto unafanya kazi zote. Ni maneno tu yaliyogoma. Mtaalamu wa matamshi pale hospitali, ambaye Fundi alimwita daktari wa ulimi, aliwaweka kitako akawaambia bila kuficha: miezi sita ya mwanzo ndiyo yenye baraka. Neno moja likitoka ndani ya miezi hiyo, mengine yatalifuata. Likichelewa, sisemi haiwezekani, ila njia inakuwa ndefu sana.

"Msomee," daktari alisema. "Anachokipenda yeye, si unachokipenda wewe. Kila siku, saa ileile, wala usikatize."

Kumwambia fundi wa saa "saa ileile" ni kumpa amri ya kufa nayo. Na anachokipenda Karani kilijulikana. Kilikuwa kitabu kinene cha hadithi ya mwanamke mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ya reli, ambaye mumewe alitoka asubuhi kwenda kununua sukari, asirudi. Karani alikuwa amekisoma mara tatu. Nakala yake ya karatasi ililiwa na mchwa ndani ya sanduku, wakabakisha jalada. Madukani hakikuwepo tena, kiliacha kuchapwa siku nyingi. Ndipo binti yao, anayefanya kazi ng'ambo, alipotuma kile kidude cha kusomea vitabu. Kilikuwa kimeshatumika na kona moja ina ufa, kwa sababu kipya bei yake ni pensheni ya Karani ya miezi miwili, na hapo hujanunua kifuko chake. Binti aliandika kwamba maktaba ya mji inaazimisha vitabu humo ndani, kwa mtandao, bure.

Fundi akakiita kibao. Jirani yake wa kibandani, muuza simu, alipomsikia akisema "binti yangu kaniletea kibao," akamuuliza, "Cha kuandikia au cha shavuni?" Wakacheka, kisha muuza simu akamsaidia kujiunga na maktaba na kukipata kitabu. Juu ya jalada paliandikwa "siku 14". Fundi akadhani ni kama dozi ya dawa, kwamba ukisoma siku kumi na nne unakuwa umemaliza. Akaona vizuri, watu hawa wamepanga mambo yao.

Jicho lake la kulia lilikuwa limechoka kwa miaka arobaini ya kutazama vigurudumu kwa kioo cha kukuzia. Alipogundua kwamba herufi za kibao zinakuzwa, alizikuza, akazikuza tena, hadi ukurasa mzima ukabeba mistari sita.

"Kitabu kina kurasa elfu tatu sasa," alisema mdogo wake Karani, aliyehamia pale kumuuguza dada yake. Fundi alimwita Shemeji, na yeye akamwita Fundi vilevile, na kutaniana ndiyo ilikuwa salamu yao. "Kwa mwendo huo, Shemeji, mtamaliza wajukuu wakiwa na mvi."

"Wewe kunja nguo."

Kila siku saa kumi na nusu alasiri, Fundi alikuwa ameshafunga kibanda, ameshanawa mikono, amekaa kwenye kiti cha kamba kando ya kitanda. Kila akitaka kufungua ukurasa alilamba kidole kwanza. Kibao hakikupenda mate, kikawa kinaruka kurasa tatu kwa mpigo, naye anarudi nyuma akiapiza. Shemeji alimweleza mara kumi kwamba hii si karatasi. Akawa anaelewa, analamba tena. Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma risiti, bila kupanda wala kushuka. Lakini Karani alimsikiliza kwa macho yote mawili, na siku ya tano Shemeji aliona midomo yake inachezacheza, kama anataka kumsahihisha mahali.

Na hadithi yenyewe ikamwingia Fundi bila ruhusa. Alikuwa kibandani anabadilisha betri ya saa ya mtu, ghafla anasimama na kijibisibisi hewani, anawaza kuhusu yule mwanamke wa stesheni, na wale mabinti zake watatu, na yule mpangaji wa chumba namba nne ambaye halipi ila anachumbia. Alimuuliza mkewe, "Huyu mume, atarudi?" Karani akatazama dari. Alikuwa anajua, na Fundi aliona kabisa kwamba anajua, na neno lile limekaa ndani yake halina pa kutokea. Siku hiyo alienda kusimama uani peke yake kwa muda.

Siku ya kumi na nne mume alirudi.

"Hodi ikapigwa mara tatu," Fundi alisoma, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mwanamke akafuta mikono, akafungua mlango. Alikuwa ni yeye, mumewe, na sanduku lilelile, nywele zimekuwa nyeupe. Mwanamke akamtazama toka utosini hadi unyayoni, kisha akasema..." Akalamba kidole, akafungua ukurasa. "Muda wako umekwisha."

Fundi akajipiga goti. "Haa! Umesikia, Karani? Kampa! Miaka kumi na saba, halafu unaniletea sanduku? Muda wako umekwisha, bwana! Huyo ndiye mwanamke!"

"Safi kabisa," alisema Shemeji toka mlangoni.

Fundi akaendelea kwa sauti ya ushindi. "Wapo wengine wanaosubiri. Ukihitaji tena, ingia kwenye foleni." Akakunja uso. "Foleni? Foleni ya nini tena? Kwani huyu mama ana waume wangapi?"

Shemeji akaja, akamnyang'anya kibao, akasoma mwenyewe. Alikaa chini sakafuni kwa kucheka. "Shemeji, hii si hadithi. Hii ni maktaba! Wamechukua kitabu chao!"

Fundi akatazama saa ya mkononi. Saa kumi na moja kasoro dakika nane, dakika ileile aliyokiazima wiki mbili nyuma. Hata katika hasira alilazimika kukiri kwamba kidude kinakwenda sawasawa. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akakizima na kukiwasha. Jalada lilikuwepo, limekuwa la kijivu. Ndani hamna kitu.

Hapo wakasikia kishindo. Karani alikuwa anapiga godoro kwa mkono wa kushoto, paa, paa, paa, huku akikinyooshea kibao kidole, na machozi yanamtoka. Shemeji akaacha kucheka. Fundi akaushika ule mkono, akambembeleza, akamwahidi kesho. Hakujua kesho ina nini ndani yake, lakini aliahidi.

Asubuhi kibanda hakikufunguliwa. Fundi alikuwa mlangoni pa maktaba kabla ya mfagiaji. Mkutubi, dada wa umri wa binti yake, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi sehemu iliyovunjika, alimkuta pale amekumbatia kibao.

"Nani aliingia nyumbani kwangu akachukua kitabu?" Fundi alianza, hata salamu hakutoa.

"Shikamoo, baba. Hakuna aliyeingia. Kimejirudisha chenyewe."

"Marahaba. Kitabu kina miguu?"

Mkutubi akamvutia kiti. Alikuwa ameshazoea kugombezwa kwa makosa yasiyo yake, lakini huyu mzee hakutaka hata kukiweka kibao mezani. "Baba, nikupe ukweli. Sisi maktaba hatukununua kitabu. Tulinunua ruhusa. Msomaji mmoja kwa wakati mmoja, siku kumi na nne, basi. Kikishaazimwa mara ishirini na sita ruhusa inakufa, tunanunua nyingine. Na bei yake ni mara tatu ya kitabu cha karatasi."

"Kitabu kisicho na karatasi."

"Ndiyo."

"Kisichochanika, kisicholiwa na mchwa."

"Ndiyo, baba."

"Sasa mara ishirini na sita kinachakaaje?"

Mkutubi akafikiri. "Hakichakai. Imekubaliwa tu kwamba kimechakaa."

"Hee!" Fundi alitazama huku na huku atafute shahidi. "Mimi nikimuuzia mtu saa, simfuati nyumbani kwake wiki ya pili nikamvua mkononi! Haya, nauza kitu nikinunue mwenyewe. Wanauza wapi?"

"Kinauzwa, ila ukibonyeza kununua kinakwambia hakipatikani mahali ulipo."

"Kwani nipo wapi?"

"Hapa."

"Na hapa ndipo hakipatikani?"

"Ndipo hapa."

Walitazamana. Wangekuwa watu wengine wangecheka. Mkutubi akafungua mashine yake, akasema wako watu wawili mbele, siku kumi na nne kila mmoja. Ishirini na nane. Fundi hakuhitaji kikokotoo. Miezi sita ya daktari wa ulimi ilibakiza siku ishirini na tatu. Akamweleza dada wa watu yote, kiharusi, jikoni, ule mkono unaopiga godoro. Akamwambia, "Namtaka azungumze, mwanangu. Hata anitukane. Nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa zote zinavyogonga, na mimi miaka yote sikuwa nazisikia."

Mkutubi akavua miwani. "Na mwisho wa kitabu wewe huujui? Mama si amekisoma mara tatu? Hajawahi kukusimulia?"

Hapo ndipo Fundi alipoinamisha kichwa.

"Alinisomea," alisema. "Chote. Kwa sauti. Miaka ile nilikuwa naleta kazi za watu nyumbani, namalizia mezani, yeye anakaa pembeni ananisomea. Mara tatu. Nami nina kioo jichoni, akili iko kwenye kigurudumu. Akicheka nasema mhm. Akilia nasema mhm. Mara tatu kitabu kizima, mwanangu, na nilichobaki nacho ni mhm."

Dada wa watu akavaa tena miwani yake. Aliahidi kuwaandikia wale wawili walio mbele, bila kutaja jina la mtu, kuwaomba wakiweza wasome haraka. Kisha, Fundi alipokwishasimama, akamwita arudi, kwa sauti ya chini. "Baba, siku nyingine kabla ya ile siku ya kumi na nne, mtu akizima mtandao kwenye kidude chake, kitabu hakijui kwamba kimeitwa. Kinabaki."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Hata sasa sijakwambia. Siruhusiwi."

Alasiri ile Fundi alijaribu kitabu kingine, cha mapenzi, kilichokuwa hakina foleni. Mistari miwili tu, Karani akageuza uso ukutani. Kesho yake akajaribu cha upelelezi. Ukutani. Siku ya tatu hakugeuka kabisa kutoka ukutani, na supu aliyoletewa na mdogo wake aliisukuma kwa mkono ikamwagika kwenye shuka. Shemeji alifua ile shuka akilia, maana mtu akikaa na mgonjwa anafika mahali machozi yanatoka kwa kitu kidogo. "Anakata tamaa, Shemeji," alisema. "Dada yangu namjua. Akishafunga mlango amefunga."

Kesho yake Fundi alikwenda kibandani. Aliwaza mchana kutwa, akaharibu saa mbili za watu. Saa kumi na nusu alikaa kwenye kiti cha kamba, akawasha kibao. Kilichofunguka ni ukurasa wa maelekezo, ule unaosema jinsi ya kukichaji na kwamba kisiwekwe karibu na maji. Akakiinamia, akakohoa.

"Habari njema," alisema bila kumtazama mkewe usoni. "Kimerudi."

Karani akageuka kutoka ukutani.

Shemeji, aliyejua fika kwamba hakijarudi kitu, akatoa macho. Fundi akamkonyeza anyamaze. Maisha yake yote hakuwa amewahi kutunga hata kisingizio cha maana. Akichelewa nyumbani alikuwa anasema nimechelewa.

"Mwanamke akamtazama toka utosini hadi unyayoni, kisha akasema..." Na hapo akagundua kwamba sentensi ukishaianza haikusubiri. "Akasema... karibu."

Unyusi mmoja wa Karani ulipanda.

"Mume akaingia. Akaketi. Akaomba maji. Mkewe akampa maji ya baridi." Akafungua ukurasa, kibao sasa kilikuwa kinasema kisiachwe juani. "Akamuuliza, mume wangu, ulikuwa wapi miaka kumi na saba? Mume akasema, mke wangu, ile asubuhi nilipofika dukani nilikuta foleni."

Shemeji akajiziba mdomo kwa taulo.

"Nilipofika mbele, sukari imekwisha. Nikaona haya kurudi mikono mitupu. Nikapanda treni mpaka mji wa pili kutafuta sukari. Huko hakuna. Mji wa tatu hakuna. Ndipo nikakutana na mzee mmoja, akanifundisha kutengeneza saa." Fundi alianza kupata joto. "Ambayo ni kazi nzuri sana, kazi ya watu wenye subira na heshima zao. Mwanamke aliposikia hayo moyo ukalainika. Akasema, mume wangu, nilijua tu itakuwa ni sukari. Nimekusamehe leo leo. Akapiga magoti, akamvua viatu..."

"Mwongo."

"...akamvua viatu, akamletea beseni la maji ya..."

Fundi akasimama. Kibao kilimponyoka kikaangukia miguuni. Alimtazama Shemeji, na Shemeji alikuwa amesimama ameng'ang'ania fremu ya mlango, anatikisa kichwa kwamba si mimi. Wakageuka wote wawili.

Karani alikuwa amemkazia macho mumewe. Neno lilikuwa limetoka limekwaruza, limelalia upande mmoja wa mdomo, lakini lilikuwa neno kamili, na lilikuwa limefika kwa mwenyewe.

"Umesema nini?" Fundi aliuliza.

Karani akavuta pumzi. Mshipa wa shingo ukamsimama. "Mwo-ngo," alisema tena, na safari hii akamnyooshea kidole.

Fundi alilia. Hakugeuka ukutani wala hakujifanya ana vumbi jichoni, alilia kama alivyolia siku ya kumzika mama yake, ameshika miguu ya kitanda. "Kweli," alisema. "Mimi ni mwongo. Kitabu hakijarudi, Karani. Nimetunga. Wewe ulinisomea mara tatu, nikawa sisikilizi. Ningekuwa nimesikiliza hata mara moja, leo ningekuwa nakusomea mwisho wake bila kibao. Nisamehe mke wangu." Karani alimwacha aseme yote. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akamfuta uso kwa kiganja, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto aliyekula vibaya.

Shemeji ndiye aliyerudisha akili kwanza. "Miaka thelathini dada yangu amechapa uongo wa watu mahakamani, hana ruhusa ya kujibu," alisema huku naye akijifuta. "Lilikuwa limemkaa kooni hilo!"

Kuanzia siku hiyo Fundi akawa mwongo wa kudumu. Kibandani alikuwa anatunga huku akibadilisha betri, anajaribia kwa muuza simu, na muuza simu akisema hii inaingia akilini, anaitupa. Alihitaji zisizoingia akilini. Mume alidai kwamba alivishwa kimakosa nguo za jela za mtu mwingine, kwamba alihesabu vibaya akadhani ni miaka saba, kwamba barua zake zote zililiwa na mbuzi wa posta. Na kila alasiri Karani alimngojea pale kitandani ameshajiandaa, mto umeinuliwa, anamtazama kama wakili wa upande wa pili.

"Si-yo," alisema siku ya pili. "Mbu-zi!" alisema siku ya nne, kwa dharau kubwa, na Shemeji akamkumbatia. Siku ya saba akasema maneno mawili yaliyoshikana, "Hakusema hivyo," na Fundi alilazimika kutoka nje kidogo. Siku ya tisa akasema "mpumbavu wewe," na ingawa maneno yalimlenga mume wa stesheni, aliyatoa akimwangalia fundi wa saa. Fundi alikwenda kumsimulia muuza simu kwamba ameitwa mpumbavu, akiwa na furaha ya mtu aliyezaa pacha.

Walipompeleka hospitali, daktari wa ulimi alimsikiliza Karani akihesabu moja hadi kumi na mbili. Akauliza, "Mnamsomea nini?"

"Uongo, daktari," alisema Fundi.

"Endeleeni nao."

Siku ya kumi na tisa mkutubi alipiga simu. Msomaji wa kwanza alikuwa amemaliza mapema. Wa pili, aliposikia kuna mgonjwa, alikuwa amekirudisha kabla zamu yake haijaisha. "Kimeshaingia kwenye kibao chako, baba. Siku kumi na nne. Na ule mtandao..." Akakohoa. "Mimi sijasema kitu." Fundi alimshukuru mpaka salio la dada wa watu likakaribia kuisha. Akafunga kibanda mapema, jambo ambalo muuza simu hakumbuki kuliona.

Mwenyewe alikuwa anakufa kwa hamu. Wiki tatu alikuwa anatunga maneno ya yule mwanamke pale mlangoni, na hakuna lililokuwa lenyewe, alijua. Sasa lilikuwa humo ndani. Alikaa kwenye kiti cha kamba, akafungua kitabu, kikafunguka palepale kilipokatikia: toka utosini hadi unyayoni, kisha akasema. Kilibaki kidole kimoja tu.

"Karani," alisema, "leo si uongo. Kimerudi kweli. Muulize mdogo wako."

"Kweli, dada," alisema Shemeji, ameshavuta kigoda chake. "Nimekiona kwa macho yangu. Soma, Shemeji, soma, na mimi nataka kujua alimwambia nini yule mwanaume!"

Karani akakitazama kibao muda mrefu. Aliyatambua maneno, Fundi aliona macho yake yanapita juu ya ile mistari sita, yanatua mwishoni, yanakwenda kule mbele anakokujua yeye peke yake. Akatabasamu kwa upande ule unaotabasamu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akakifunika kioo chote kwa kiganja.

"Hutaki?" Fundi aliuliza. "Si ndicho ulichokuwa unakililia?"

Karani akatikisa kichwa.

"Basi nikusomee kipi?"

Neno lilichukua muda kupanda. Waliliona linakuja, wote wawili, na hakuna aliyemsaidia.

"Chako," alisema.

"Changu? Mimi sina kitabu, Karani."

Akautoa mkono kwenye kibao, akamgusa mumewe mdomoni kwa kidole kimoja. "Chako," alisema tena.

Shemeji akanyanyuka polepole, akasema anakwenda kuangalia moto, na jikoni hapakuwa na moto wowote. Fundi akakizima kibao, akakiweka chini ya kiti. Akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda, akaanza pale alipoishia jana, akidanganya kwa moyo wake wote.